Nyungu, vidonge au oksijeni: Mjadala wa tiba ya maradhi mazito ya kupumua

BUBUBU, Unguja

BARABARA kuu inayotoka Mjini kuelekea kaskazini ya kisiwa cha Unguja hupita Bububu, katika Wilaya ya Magharibi A, na hapo ndipo inapochepuka njia ya kwenda Kidichi na Kizimbani, kwenye mashamba ya viungo. Upande mmoja upo mchaichai, mdalasini, karafuu na tangawizi. Upande wa pili, daladala namba 502 humfikisha abiria Mjini, ilipo Hospitali ya Mnazi Mmoja. Maradhi ya corona yalipoingia Zanzibar mwezi Machi 2020, familia za Bububu, kama za sehemu nyengine za Tanzania, zilikabiliwa na uamuzi mzito kila mgonjwa alipoanza kuhema: abaki nyumbani ajifukize, au apelekwe hospitali haraka?

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza Mei 5, 2023 kuwa dharura ya kimataifa ya maradhi hayo, ambayo kwa Kiswahili yalikuja kuitwa UVIKO-19, imemalizika. Hata hivyo, suala la tiba halikumalizika nalo. Homa ya mapafu, mafua makali na virusi vya aina mpya vinaweza kulirejesha wakati wowote, na mafunzo yaliyopatikana kati ya mwaka 2020 na 2022 ndiyo yanayoweza kuokoa maisha safari ijayo.

Mjadala ulivyoanza

Mgonjwa wa kwanza nchini Tanzania alitangazwa Machi 16, 2020. Siku mbili baadaye, Machi 18, alitangazwa wa kwanza Zanzibar, raia wa Ujerumani. Hadi Mei mwaka huo zilikuwa zimeripotiwa kesi 509 na vifo 21 kwa nchi nzima, kisha takwimu zikasita kutolewa kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Mei 3, 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli alitilia shaka vipimo vya maabara na kueleza kuwa amewasiliana na Madagascar kuhusu dawa ya miti shamba iliyozinduliwa huko na Rais Andry Rajoelina mwezi Aprili. Mei 8, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Profesa Palamagamba Kabudi, alikwenda Madagascar kuipokea. Katika kipindi hicho kupiga nyungu, yaani kujifukiza kwa mvuke wa majani na viungo, kulihimizwa hadharani, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ilitengeneza kinywaji cha mitishamba kilichopewa jina la NIMRCAF. Februari 1, 2021, aliyekuwa Waziri wa Afya, Dk. Dorothy Gwajima, alisema wizara yake haina mpango wa kupokea chanjo, akasisitiza usafi na tiba asili.

Wakati huo huo wimbi jipya lilikuwa limeshaingia Visiwani. Mwishoni mwa Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, amepata maambukizi ya corona. Alifariki dunia Februari 17, 2021 katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, akiwa na umri wa miaka 77. Kwa wananchi wengi wa Unguja na Pemba, tangazo lile ndilo lililoyafanya maradhi hayo yasiweze tena kuzungumzwa kwa minong'ono.

Yanayotokea ndani ya mapafu

Ili kuelewa kwa nini tiba moja husaidia na nyengine haisaidii, ni lazima kwanza kuelewa hatua za maradhi yenyewe. Takwimu za mwanzo zilionesha kuwa takriban wagonjwa 80 katika kila 100 walipata maradhi mepesi au ya wastani, 15 walipata maradhi mazito yaliyohitaji oksijeni, na 5 walifikia kuwa mahututi. Jambo hili lina maana kubwa katika mjadala wa dawa. Dawa yoyote atakayopewa mgonjwa wa maradhi mepesi, hata ikiwa maji matupu, itaonekana imeponya, kwa sababu wengi wao wangepona bila ya kitu.

Hatari huanza zaidi katika wiki ya pili. Kwa wagonjwa hao wachache, kinga ya mwili hushambulia kupita kiasi, mapafu yakavimba, na vifuko vidogo vya hewa vikajaa majimaji. Hewa inayovutwa huwa haipiti tena vizuri kuingia katika damu. Madaktari wengi waliona pia wagonjwa ambao oksijeni yao ilishuka sana huku wakizungumza na kukaa kitako kama kawaida, kisha hali ikabadilika kwa muda mfupi.

Nyungu na mitishamba

Kujifukiza si jambo geni katika eneo hili. Huko Kidichi bado yapo mabaki ya hamamu iliyojengwa katika karne ya 19 kwa amri ya Sultan Said bin Sultan kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na katika nyumba za kawaida mvuke wa mchaichai na majani ya mkaratusi umekuwa dawa ya mafua tangu zamani. Tangawizi, ndimu, asali, kitunguu thomu na habasoda navyo vina nafasi yao katika kila jiko.

Mvuke hulainisha kamasi na kumpa nafuu mgonjwa aliyeziba pua. Chai ya tangawizi huongeza maji mwilini. Hayo ni manufaa ya kweli kwa mtu mwenye mafua mepesi. Lakini mvuke haupeleki oksijeni katika damu na hauondoi uvimbe ulioko ndani kabisa ya mapafu, na joto analoweza kulistahimili binadamu haliui virusi vilivyokwisha kuingia katika chembechembe za mwili. Mvuke pia una madhara yake: huunguza uso na njia ya hewa, na sufuria ya maji yanayochemka ni hatari kwa watoto. Mwaka 2020 madaktari wa hospitali ya watoto ya Birmingham, Uingereza, waliripoti ongezeko la watoto walioungua kwa namna hiyo.

Madhara makubwa zaidi, hata hivyo, ni ya muda. Mgonjwa anayehema kwa taabu akifungiwa ndani ya shuka na mvuke siku tatu, huwa amepoteza siku tatu ambazo angeweza kuwa katika oksijeni.

Haifai kutokana na hayo kuidharau mitishamba yenyewe. Dawa ya Madagascar ilitokana na mmea wa pakanga, na pakanga ina historia inayoihusu Zanzibar moja kwa moja. Kutoka katika mmea huo, mwanasayansi wa China, Tu Youyou, aliongoza utafiti uliopata artemisinini katika miaka ya 1970, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Mwaka 2003 Zanzibar iliiacha klorokwini, ambayo vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea, na kuanza kutumia dawa ya mseto yenye kiini hicho. Pamoja na vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani, malaria ilishuka sana Visiwani. Mmea ule ulifika hospitalini baada ya kuchujwa, kupimwa kipimo chake na kulinganishwa na dawa nyengine kwa wagonjwa halisi. Kwa corona, hatua hizo hazikuwa zimekamilika wakati dawa ilipoanza kusafirishwa kwa ndege. Septemba 2020 WHO na Kituo cha Umoja wa Afrika cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa walipitisha mwongozo wa kuzijaribu dawa za asili kwa utaratibu ule ule unaotumika kwa dawa za viwandani.

Klorokwini na vidonge vilivyoshindwa

Makosa hayakuwa ya upande wa mitishamba peke yake. Nchi zenye hospitali kubwa kabisa duniani nazo zilikimbilia vidonge kabla ya ushahidi.

Machi 2020, daktari wa Ufaransa, Didier Raoult, na wenzake walitoa utafiti mdogo uliodai kuwa haidroksiklorokwini, ndugu ya klorokwini, inaondoa virusi. Marekani iliruhusu itumike kwa dharura Machi 28 na ikaiondoa ruhusa hiyo Juni 15 mwaka huo huo. Upande wa wapinzani wake haukuwa safi pia: utafiti uliochapishwa Mei 22 katika jarida la Lancet, uliodai kuwa dawa hiyo inaongeza vifo, ulifutwa Juni 4 baada ya takwimu zake kushindwa kuthibitishwa.

Jibu lilitoka katika jaribio kubwa la Uingereza lililoitwa RECOVERY, ambamo wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi. Kati ya waliopewa haidroksiklorokwini, asilimia 27 walifariki ndani ya siku 28. Kati ya waliopewa huduma ya kawaida, asilimia 25. Dawa haikusaidia. Utafiti wa Raoult na wenzake nao ulifutwa rasmi Disemba 2024. Antibiotiki ya azithromaisini, iliyonunuliwa sana madukani, na plazima ya damu ya waliopona, zilijaribiwa kwa njia hiyo hiyo na hazikupunguza vifo vya waliolazwa.

Ivamektini na minyoo

Mjadala wa ivamektini ulikuwa mrefu zaidi. Kwa wakazi wa Unguja na Pemba dawa hii haikuwa ngeni, kwani tangu mwaka 2001 iligawiwa pamoja na albendazoli katika kampeni ya kutokomeza matende. Usalama wake kwa kazi hiyo ulijulikana, na hilo likawafanya wengi waiamini pia kwa corona.

Machi 31, 2021 WHO ilishauri isitumike kwa corona isipokuwa ndani ya majaribio. Julai mwaka huo, moja ya tafiti zilizokuwa zikiinyanyua sana, kutoka Misri, iliondolewa mtandaoni kutokana na dosari za takwimu. Jaribio kubwa la Brazil lililochapishwa Machi 2022 halikuona tofauti ya maana kati ya waliopewa ivamektini na wasiopewa.

Ipo sehemu moja, hata hivyo, ambapo dawa hiyo ina kazi halali katika nchi za joto. Steroidi, ambazo zinaelezwa hapa chini, zinaweza kuwaamsha minyoo wadogo wa aina ya strongiloidi waliojificha mwilini na kuwafanya wasambae kwa namna ya kuua. Wataalamu walishauri kwamba wagonjwa wanaotoka maeneo yenye minyoo hao wafikiriwe kupewa ivamektini wanapoanzishiwa steroidi. Hapo dawa inatibu minyoo.

Deksamethasoni: dawa rahisi, wakati maalumu

Mwanzoni mwa 2020 madaktari waligawanyika kuhusu steroidi. Baadhi walizitaka kwa sababu zinapunguza uvimbe. Wengine walizihofia kwa sababu zinapunguza kinga, na WHO yenyewe ilikuwa imeshauri zisitumike ovyo. Pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Juni 16, 2020 jaribio la RECOVERY lilitangaza matokeo ya deksamethasoni, steroidi ya zamani na ya bei nafuu, ambayo hupatikana katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki. Wagonjwa 2,104 waliipata kwa kipimo cha miligramu 6 kwa siku, hadi siku 10, na wakalinganishwa na 4,321 wasioipata. Kwa waliokuwa katika mashine za kupumulia, vifo vilikuwa asilimia 29.3 dhidi ya 41.4. Kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila ya mashine, asilimia 23.3 dhidi ya 26.2. Kwa ambao hawakuhitaji oksijeni hapakuwa na faida yoyote. Vifo vilikuwa asilimia 17.8 kwa waliopewa dawa na 14 kwa wasiopewa, jambo lililoashiria uwezekano wa madhara.

Septemba 2, 2020 WHO ilipendekeza steroidi kwa wagonjwa wazito na mahututi tu. Matokeo haya yalizipatanisha pande mbili za madaktari: dawa ni ile ile, kinachobadilika ni hatua ya maradhi. Anayeinunua dukani siku ya pili ya homa huipunguza kinga yake wakati ambapo bado anaihitaji. Aidha, steroidi hupandisha sukari, na kwa mgonjwa wa kisukari hilo ni jambo la kuangaliwa kwa karibu. Nchini India, katika wimbi la mwaka 2021, matumizi holela ya steroidi pamoja na kisukari yalihusishwa na maradhi ya kuvu yaliyoshambulia macho na pua za maelfu ya watu.

Baadaye ilithibitika kuwa tosilizumabu nayo, ikiongezwa juu ya steroidi, hupunguza vifo vya wagonjwa wazito, na WHO iliipendekeza pamoja na dawa za aina yake Julai 2021. Bei yake imeiweka mbali na hospitali nyingi za Afrika.

Oksijeni

Katika orodha yote hii, tiba ambayo haikuwa na mpinzani ni oksijeni. Kiwango chake katika damu ya mtu mzima mwenye afya huwa kati ya asilimia 95 na 100. Kwa mujibu wa WHO, kiwango kikiwa chini ya asilimia 90, au mgonjwa akivuta pumzi zaidi ya 30 kwa dakika, maradhi huhesabiwa kuwa mazito.

Kipimo hufanywa kwa kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni. Ni kifaa chenye manufaa makubwa, lakini kina kasoro inayowahusu watu weusi. Utafiti wa Marekani uliotolewa Disemba 2020 ulionesha kuwa pale kifaa kiliposoma kiwango cha kuridhisha, wagonjwa weusi takriban 12 katika 100 walikuwa kwa hakika na upungufu, ilhali kwa weupe walikuwa chini ya 4. Kwa hivyo namba inayoonekana nzuri haimalizi shaka ikiwa mgonjwa anahema kwa taabu.

Mashine za kupumulia nazo zilileta mabishano. Mwanzoni wagonjwa wengi ulimwenguni waliwekewa mashine mapema. Baadaye madaktari walibaini kuwa baadhi wanaweza kuvushwa kwa oksijeni ya kasi kubwa kupitia puani na kulazwa kifudifudi wakiwa macho, ili sehemu ya nyuma ya mapafu ifunguke. Majaribio ya pamoja katika nchi sita, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionesha kuwa kwa waliolazwa hivyo, asilimia 40 walifariki au kuhitaji mashine, ikilinganishwa na asilimia 46 ya wengine.

Upungufu wa vifaa ulikuwa na gharama yake. Utafiti uliofanywa mwaka 2020 katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya na Msumbiji zikiwemo, uliwafuatilia wagonjwa mahututi 3,077. Asilimia 48.2 walifariki ndani ya siku 30, wakati wastani wa dunia ulikadiriwa kuwa asilimia 31.5.

Baada ya mwaka 2021

Rais Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Unguja, aliapishwa Machi 19, 2021, akaunda kamati ya wataalamu kuishauri serikali kuhusu corona. Julai 28 mwaka huo alizindua chanjo jijini Dar es Salaam kwa kuchanjwa hadharani. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 567.25, takriban shilingi trilioni 1.3. Sehemu ya fedha hizo ilielekezwa katika mitambo ya oksijeni na wodi za wagonjwa mahututi, na fungu jengine likaja Zanzibar, ambako hospitali za wilaya zilijengwa, ikiwemo ya Magharibi A iliyopo Mbuzini. Kwa mkaazi wa Bububu, Mnazi Mmoja si tena mahali pekee pa kutazamia.

Majengo hayo yatasaidia iwapo mgonjwa atafikishwa mapema. Wataalamu wanataja dalili zinazotaka mgonjwa aondoke nyumbani bila ya kusubiri: kuhema hata akiwa amekaa, kushindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, maumivu au mbano wa kifua usioondoka, midomo au kucha kubadilika rangi, kuchanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida, na homa iliyopoa kisha ikarudi pamoja na kuhema katika wiki ya pili. Kwa mtoto mdogo, kifua kubonyea anapovuta pumzi na kushindwa kunyonya ni miongoni mwa dalili hizo. Wazee, wajawazito na wenye kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya moyo hawatakiwi kungoja hata dalili zikamilike.

Familia isimfiche daktari kilichotumika nyumbani. Mgonjwa aliyekunywa mitishamba au kununua vidonge dukani hutibiwa kwa usalama zaidi daktari akivijua, kwa kuwa baadhi huingiliana na dawa za hospitali, za sukari na za kuzuia damu kuganda.

Chai ya mchaichai inaweza kuendelea kunywewa Bububu kwa kila mwenye mafua, na hakuna daktari atakayeikataza. Pumzi ikianza kuwa fupi, tiba iliyothibitishwa ni oksijeni, na steroidi kwa kipimo na wakati wake.